Nywele za Bandia kwa Aliyenyang'anywa Zake na Maradhi

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamkirimu, akateremsha ugonjwa na akateremsha na dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Swali la juma hili limetoka mbali na pwani. Limetoka Lafey, katika Kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Mama mmoja anaeleza kwamba binti yake alichumbiwa, kisha akapatikana na saratani. Alisafirishwa hadi Garissa, safari ya zaidi ya kilomita 500, akatibiwa kwa tibakemikali, dawa ambazo wagonjwa wengi huziita kemo. Amemaliza matibabu, alhamdulillahi, lakini kichwani hakuna unywele uliosalia. Mchumba yuko kazini mbali, na tangu maradhi yaanze hajamwona binti. Nikahi imekaribia. Shangazi mtu ametoa shauri linunuliwe wigi la nywele za binadamu kutoka Eastleigh, Nairobi, binti alivae chini ya shaash mpaka nywele zake zirudi, na upande wa pili usiambiwe neno. Mama anauliza: je, ile laana tuisikiayo misikitini yamfikia mtoto wangu mgonjwa?

Msomaji wa Lamu, Malindi au Mombasa asiseme kwamba hayo ni ya Wasomali wa bara. Watu wa Lafey na watu wa pwani ni wanafunzi wa Imamu mmoja. Safina anayohifadhi mtoto wa madrasa ya Lamu ndiyo anayohifadhi mwenzake wa Mandera, na Minhaj ya Imamu Nawawi ndiyo marejeo ya wanazuoni wa huku na huko. Na saratani, homa na uchungu wa mama kwa mwanawe havina mpaka. Kwa hiyo jawabu la Lafey ni jawabu la nyumba nyingi za hapa kwetu.

Mama aliyetangulia kuuliza

Jambo la kwanza ambalo mama yetu wa Lafey anapaswa kulijua ni kwamba hakuwa wa kwanza. Swali lake liliulizwa Madina, mbele ya Mtume mwenyewe (S.A.W.). Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bi Asma binti Abubakar na kwa Bi Aisha (R.A.), kuna habari ya mama mmoja aliyekuja kusema kwamba amemwoza binti yake, na binti ameshikwa na maradhi, nywele zimenyonyoka. Katika mapokezi ya Bi Asma maradhi hayo yanatajwa kuwa surua. Akauliza kama anaweza kumuunganishia nywele. Mtume (S.A.W.) alikataa, akaeleza kwamba mwenye kuunganisha nywele na mwenye kuunganishiwa wamelaaniwa.

Wengi wetu husimama hapo, tukafunga kitabu na kumwacha mama na msiba wake. Lakini tazama ni nani anayesimulia. Bi Aisha (R.A.) mwenyewe ameeleza, na Bukhari ameipokea habari hiyo, kwamba walipohamia Madina alishikwa na homa kali hata nywele zake zikapukutika, kisha zikaota tena zikafika mabegani. Basi Mama wa Waumini aliyetufikishia katazo hili ni mwanamke aliyewahi kupoteza nywele kwa ugonjwa, na hayo yalimpata kabla ya kupelekwa nyumbani kwa mumewe. Hakufedheheshwa, wala daraja yake haikushuka hata kidogo, na zaidi ya karne 14 baadaye bado tunaisoma habari ya homa yake kwa heshima.

Jambo la pili ni sababu ya katazo. Muawiya bin Abi Sufyani (R.A.), alipofika Madina katika safari yake ya Hija, alipanda mimbari akiwa na fungu la nywele mkononi, akawauliza watu wa mji wako wapi wanazuoni wao. Akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alilikataza jambo lile, na kwamba Bani Israili waliangamia wanawake wao walipolishika. Katika mapokezi ya Said bin Musayyab, imetajwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliliita jambo hilo zur, yaani uongo. Neno hilo ndilo ufunguo. Hakuna katika mapokezi hayo lawama yoyote juu ya kichwa kisicho na nywele. Lawama imeshuka juu ya kitu kinachofanywa ili mtu aaminishwe lisilokuwapo.

Yale waliyoyasema mafakihi

Wanazuoni wa madhehebu manne wameafikiana kwamba nywele za binadamu haziunganishwi kichwani mwa mtu mwingine. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii hilo ni haramu bila ya tofauti, ziwe nywele za mwanamume au za mwanamke, za maharimu au za mume. Sababu ni heshima ya mwanadamu: kiungo chake hakigeuzwi chombo, na nywele zake, kucha zake na sehemu zake nyingine zikitoka, huzikwa.

Heshima hiyo si jambo la kale lisilo na maana leo. Sehemu kubwa ya nywele za binadamu zinazouzwa duniani hutoka India, na nyingi kati ya hizo ni za mahujaji wa Kihindu wanaonyoa vichwa katika mahekalu kama lile la Tirumala, kisha hekalu huziuza kwa mnada. Anayenunua wigi la namna hiyo na ajue kwamba ananunua kipande cha mwili wa mtu mwingine, mara nyingi mwanamke fukara ambaye hakuona hata senti ya bei yake.

Ama kisichokuwa nywele za binadamu, hapo maneno yamepanuka. Katika madhehebu yetu, kilicho najisi, kama nywele za mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, hakifai. Kilicho tohara, kama sufi ya kondoo aliyenyolewa akiwa hai, hakifai kwa asiye na mume. Kwa aliye na mume, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba yafaa akipata idhini yake. Mahanafi wameruhusu sufi na mfano wake. Imamu Layth bin Saad wa Misri aliona kwamba katazo ni la nywele tu, na kwamba sufi na vitambaa havimo. Imepokewa pia kutoka kwa Said bin Jubair, katika Sunan ya Abu Daud, kwamba hakuona ubaya katika nyuzi ambazo wanawake husukia nywele zao. Wamaliki wameshikilia zaidi, wakakataza kuunganisha kwa kitu chochote, ingawa Kadhi Iyadh alieleza kwamba nyuzi za hariri za rangi ambazo hazifanani na nywele hazimo katika katazo, kwa kuwa ni pambo lililo wazi na wala halimdanganyi mtu.

Angalia, ndugu msomaji, jinsi kauli hizi zote zinavyozunguka mambo mawili: heshima ya mwili wa mwanadamu, na kuepuka udanganyifu. Hata sharti la idhini ya mume katika madhehebu yetu limejengwa juu ya hilo, kwani mume anayejua hakudanganywa.

Mawigi mengi ya bei nafuu yauzwayo madukani leo si nywele wala sufi, bali ni nyuzi za viwandani za jamii ya plastiki. Nyuzi hizo ni tohara, na mwenye kufuata kauli ya Layth ataziona nyepesi. Lakini zimetengenezwa zifanane na nywele, na kwa ajili hiyo wanazuoni wa zama zetu wamegawanyika: wapo waliozitia katika katazo moja kwa moja, na wapo waliozipima kwa nia na haja.

Je, asiye na nywele kabisa?

Hapa pana mlango ambao baadhi ya wanazuoni wameufungua. Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin wa Saudia, aliyefariki mwaka 2001, aliharamisha wigi la pambo, lakini akaona hapana ubaya kwa mwanamke asiye na nywele kabisa kulivaa ili asitiri aibu ya kimaumbile. Alitofautisha kati ya kutafuta kuzidisha uzuri na kuondoa kasoro. Dalili yake ni habari ya Swahaba Arfaja bin Asaad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Aliweka pua ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke pua ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa wanaume imekatazwa. Kwa njia kama hiyo, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kupandikiza nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke, kwa kuwa huko ni kurudisha kilichopotea.

Wanazuoni wengine hawakukubali kulifungua katazo la wigi kwa kiasi hicho, na hoja yao ni yule binti wa Madina: naye alikuwa mgonjwa, wala hakuruhusiwa. Walioruhusu hujibu kwamba nywele za binti yule zilipungua, na ombi lilikuwa kuziunganishia nyingine. Hakuwa na kichwa kitupu. Hizi ni hoja za watu wa elimu. Haifai kijana aliyesikia hadithi moja amtupie laana mgonjwa aliyechukua kauli ya mwanazuoni mkubwa.

Kabla ya wigi, daktari

Mwenyezi Mungu ameamrisha tiba kupitia kwa Mtume wake, na kichwa nacho ni sehemu ya mwili. Kunyonyoka nywele ni dalili yenye sababu nyingi. Mtu mzima mwenye afya hupoteza baina ya nywele 50 na 100 kila siku, na hilo si ugonjwa. Baada ya homa kali, uzazi au njaa ya muda mrefu, nywele huweza kuanguka kwa wingi miezi miwili au mitatu baadaye, kisha zikarudi zenyewe mwili ukipata nguvu. Ndugu zetu wa kaskazini mashariki walipitia ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana, kuanzia mwaka 2020 hadi mapema 2023. Mwili wenye njaa hutanguliza moyo na ubongo, nywele huziacha nyuma.

Kuna mabaka ya upara yanayotokea pale kinga ya mwili inaposhambulia mizizi ya nywele. Kuna choa cha kichwani kwa watoto, ambacho huambukizwa kwa vitana, vitambaa na mawigi yanayoazimwa, na ambacho hakiponi kwa mafuta ya kupaka peke yake bali kwa vidonge anavyoandika daktari. Na kuna upara wa kujitakia, unaoanzia kwenye paji la uso na juu ya masikio, kwa sababu ya misuko inayovuta na nywele zinazofungwa kwa nguvu chini ya ushungi mwaka hadi mwaka. Ukiwahi kulegeza, nywele hurudi. Ukiendelea, mizizi hufa. Anayefunika maradhi kwa wigi bila kuyatibu huyapa nafasi ya kukomaa.

Ama tibakemikali, dawa hizo huua chembe za mwili zinazozaliana kwa kasi. Saratani ni ya namna hiyo, na mizizi ya nywele pia. Ndiyo maana, kwa dawa nyingi za aina hiyo, nywele huanza kudondoka wiki mbili hadi nne baada ya kuanza. Dawa zikikoma, kwa kawaida huanza kurudi, na baada ya miezi mitatu hadi sita kichwa huwa kimefunikwa, wakati mwingine kwa nywele laini au za mawimbi kuliko za zamani. Nywele hukua kadiri ya sentimita moja kwa mwezi. Basi msiba wa binti wa Lafey, kwa idhini ya Mola, ni msiba wenye mwisho unaohesabika kwa miezi.

Wigi linaficha nini?

Sasa turudi kwenye shauri la shangazi. Nia yake ni huruma, wala hatumlaumu. Lakini na tulipime. Wigi analotaka kununua ni la nywele za binadamu, na hilo wanazuoni wamekwisha kulikataa. Zaidi ya hapo, litavaliwa ili mtu mmoja mahsusi asijue jambo mahsusi. Tena jambo hilo si upara peke yake, kwani upara ni alama tu. Kinachofichwa ni saratani. Mchumba ana haki ya kujua kwamba mke anayemwoa ametoka katika ugonjwa mzito, anahitaji kurudi kliniki Garissa kwa vipimo, na huenda akahitaji mkono wa mume kwa safari na gharama. Akilijua hilo kabla ya akdi na akaendelea, amekuwa mwenza. Akiligundua baada ya siku saba, hata kama anampenda, atajiuliza ni mangapi mengine aliyofichwa.

Na tufahamu pia upande wa pili wa sheria. Vitabu vyetu vya Shafii vimezitaja aibu zinazompa mume haki ya kuvunja ndoa: wazimu, jidhamu, barasi, na kasoro za sehemu za siri zinazozuia tendo la ndoa. Upara haumo. Sheria haikuuhesabu kuwa aibu ya kuvunja nyumba. Hivyo familia inahatarisha amana kubwa ili kuficha jambo ambalo sheria yenyewe haikuliona kubwa.

Jawabu letu kwa mama yetu wa Lafey, basi, ni hili. Nywele za binadamu ziacheni. Mchumba na aambiwe ukweli wote, kwa ulimi wa mzee mwenye busara wa familia, kabla ya nikahi. Akirudi nyuma, Mwenyezi Mungu amemwepusha binti na mtu ambaye angemwacha kitandani siku ya ugonjwa. Akisonga mbele na akdi ikafungwa, binti ni mke, na mlango wa idhini ya mume umefunguka: kilemba chenye shada la sufi au la nyuzi tohara, kwa ridhaa yake na kwa kujua kwake, kina nafasi katika maneno ya mafakihi tuliowataja. Familia ikiona uzito, na imwendee Kadhi wa Mandera. Na fedha zilizokusudiwa wigi zitengwe kwa nauli ya kurudi Garissa. Ama shaash, hilo ni vazi la heshima la mwanamke wa Kisomali aliyeolewa, lisilohitaji kitu cha bandia chini yake. Bibi arusi akivishwa, hakuna atakayehesabu nywele zake.

Udhu, josho na Hija

Kwa aliyechukua kauli ya ruhusa, yapo mambo ya ibada asiyapuuze. Kupaka maji juu ya wigi si kupaka kichwa. Katika madhehebu yetu yatosha kupaka sehemu ndogo ya ngozi ya kichwa au ya nywele za mwenyewe, basi na aingize mkono chini na kupaka kichwa chenyewe. Katika josho la wajibu maji lazima yafike kwenye ngozi yote, kwa hiyo wigi linalobandikwa kwa gundi kwa wiki nzima ni mtihani kwa sala ya mvaaji, mbali na kuunguza ngozi dhaifu ya mgonjwa. Kinachovuliwa ni salama kwa dini na kwa afya, na katika joto la Mandera kiwekewe kitambaa cha pamba chini, kifuliwe, wala kisiazimwe. Katika Hija na Umra, kupunguza nywele za wigi hakuhesabiki. Asiye na nywele kabisa hana la kukata, na kwa mwanamume ni sunna apitishiwe wembe kichwani.

Wajibu wetu sisi tulio wazima

Lililobaki ni letu. Kwa nini shangazi aliogopa? Hakuiogopa sheria, aliogopa vinywa. Aliogopa kicheko kwenye shughuli za wanawake, mtandio unaovutwa kwa mzaha, jina la utani linalomfuata mtu hadi kaburini. Sisi ndio tuliolifanya wigi lionekane kuwa jambo la lazima. Wanaume tunatembea na vipara vyetu barazani bila haya. Umar bin Khattab na Ali bin Abi Talib (R.A.) wamesifiwa katika vitabu kwamba walikuwa na upara, na hapana aliyeona kasoro katika ukhalifa wao. Kwa nini basi mwanamke aliyeponea chupuchupu aone haya kwa kichwa ambacho dawa imekipitia?

Enyi akina mama wa shughuli, msimvue mgonjwa stara yake kwa macho wala kwa ulimi. Enyi waume, mwambieni mke aliye katika matibabu kwamba mlimwoa yeye. Enyi walimu wa madrasa, mkiisomesha hadithi ya laana, isomesheni pamoja na habari ya homa ya Bi Aisha (R.A.), ili mtoto akue akijua kwamba dini imekataza uongo wala haikumdhalilisha mgonjwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye binti yetu wa Lafey na kila mgonjwa wa Waislamu, amrudishie kilicho bora kuliko alichopoteza, na ampe mume atakayemtazama kwa jicho la rehema. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.